Vikombe Kwenye Ukoka

Mwaka ule kisima cha bosi wangu, Mbezi Beach, kilianza kutoa maji ya chumvi. Yeye ni mzee mstaafu mwenye uwanja mkubwa wa ukoka, na mie ndiye ninayemtunzia bustani.

"Tunavuta maji mengi mno, ndiyo maana ya bahari yanaingia kisimani," nikamwambia. "Kwanza tujue yanaenda wapi."

Njia ya kujua ni rahisi. Unapanga vikombe vinavyofanana bustani nzima, unafungulia vinyunyizio, unafunga, halafu unapima kila kikombe kimepata maji kiasi gani. Basi asubuhi moja tukapanga vikombe vyeupe vya plastiki, vile vya juisi za sherehe, mstari kwa mstari kutoka getini hadi ukuta wa nyuma. Bosi alivaa koti la mvua na kofia ya kuogea ya mkewe, na jua linawaka. Maji yalipofungwa tukaanza kupita: tunainama, tunatumbukiza rula, tunanong'onezana namba ili tusichanganye hesabu.

Sikujua kwamba mama jirani alikuwa ghorofani kwake anatutazama.

Geti likagongwa. Akaingia mama jirani na mjumbe wa mtaa, nyuma yao akina mama wenzake wa jumuiya, rozari mkononi.

"Shikamoo mzee," mjumbe akasema, macho kwenye vikombe. "Nimeletewa malalamiko. Hivi ni nini?"

"Marahaba. Tunapima maji."

"Ya nani?"

"Ya nani tena? Yangu!"

Mama jirani akanyoosha kidole. "Mbona vya upande wangu vyote vikavu?"

Kweli, vya ukutani kwake vilikuwa vikavu kabisa. Nikajaribu kumwelewesha kitaalamu. "Mama, presha inaisha kabla ya kufika upande wako."

"Mmesikia?" akawageukia wenzake. "Hadi presha yangu wanaijua!"

Wakaanza kusali. Bosi, kwa adabu, akavua ile kofia ya kuogea, na hapo ndipo mama mmoja alipopiga kelele, maana alikuwa hajagundua kuwa ni mzee mwenyewe.

Mjumbe akatafakari, akaamua: zoezi lirudiwe lote, mashahidi wakiwepo. Tukamwaga maji, tukapanga upya, nikafungulia. Wote wakajibana barazani kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Nilipofunga, mama jirani alitangulia mbele yangu akichungulia kimoja kimoja. Vya ukutani vikavu tena. Vya getini, juu ya njia ya matofali ya kupitia magari, vinafurika.

Akasimama, akamtazama bosi kwa huruma. "Baba, kumbe miaka yote hii unamwagilia barabara?"

Bosi akaivaa tena ile kofia ya kuogea. Mie nikaanza kukusanya vikombe.

Wiki hiyo nikageuza vinyunyizio vya getini vitazame majani, nikatenga bomba la upande wa ukuta lifunguliwe peke yake. Pampu sasa inafanya kazi muda mfupi kuliko zamani, na chumvi imepungua, ingawa haijaisha.

Bosi alinuna siku kadhaa kwa kudhaniwa mchawi. Halafu akagundua kuwa hakuna tena anayethubutu kukatiza kwenye ukoka wake. Hata fundi wa pampu alipokuja, aliuzunguka uwanja mzima, viatu mkononi.