Aliyesema Posti Zote Tatu Ni Zake

Jumamosi nilikuwa bado nakunywa chai pale binti wa rafiki yangu aliponipigia simu kutoka Likasi. Hakuzunguka. "Tata, rafiki yako alituacha," akasema, kisha nikasikia wanawake wakilia nyuma yake. Wasomaji wangu wamenizoea nikilalamika juu ya barabara na bei ya unga. Leo naomba wanivumilie, maana aliyekufa hakuwa mkubwa wa aina yoyote na hakuna gazeti jingine litakalomwandika. Alikuwa fundi umeme katika kiwanda cha kusafishia shaba, miaka ile kampuni ya serikali ilipotulisha, ikatutibu, ikatuzika. Nje ya kazi alikuwa na penzi moja: redio, au posti kama tunavyoziita kwetu. Wenzake walizifungulia muziki. Yeye alitafuta katika masafa mafupi wale watu wa nchi za mbali wanaozungumza kwa mitambo yao wenyewe, kwa mapenzi tu, wakiulizana hali ya hewa na unene wa waya za antena.

Kila Jumapili baada ya misa tulikuwa tukikusanyika nyumbani kwake katika kambi ya wafanyakazi kulinganisha sauti. Posti zilikuwa tatu: moja kubwa ya taa za kioo, aliyoachiwa na mhandisi wa Kibelgiji aliyerudi kwao, moja ndogo ya betri, yangu mimi, na moja aliyoiunda mwenyewe ndani ya bati la biskuti kutokana na vipande vya posti zilizokufa. Mkewe alizificha nyuma ya kitenge, akaziunganisha kwa zamu kwenye antena ileile, nasi tukahukumu bila kujua tunasikiliza ipi. Wakati mwingine mke mwenyewe alihukumu kabla yetu. "Hii inasema kama muntu iko mu nyumba," alisema juu ya ile ya Mbelgiji. Juu ya yangu alisema, "Hii iko mu chungu." Na bati la biskuti lilipopigiwa kura, mwenye kuliunda alikuwa wa kwanza kulikataa. "Ile njo ya mwisho," alisema, kwamba ndiyo mbaya kuliko zote, akicheka mpaka akajishika mbavu. Sijaona tena mtu akifurahia hivyo kushindwa kwa haki.

Kisha waasi wakavuka mpaka, mji ukajaa askari, na kila waya juu ya paa ukawa kosa. Jumapili moja nilikuwa Kambove kwenye msiba, posti yangu nimemwachia. Watu wa usalama waliingia uani kwake wakakuta posti zote tatu juu ya meza. Mkewe alikuwepo, na ndiye aliyenisimulia.

"Muntu moja na posti tatu? Hizi zote ni za nani?"

"Zote ni zangu, chef."

"Unazifanya nini?"

"Ninapima sauti, chef. Gani iko muzuri."

Mkubwa wao akasogea karibu. "Sauti ya nani na ya nani?"

Siku hizo redio ya serikali ilimwimba kiongozi toka asubuhi hadi jioni, na hapakuwa na sauti nyingine iliyoruhusiwa kuwekwa kando yake. Swali lile halikuwa na jibu salama. Walimbeba yeye na posti zote. Kama angesema kweli, kwamba ile ndogo ni yangu, wangenifuata Kambove palepale msibani.

Alirudi mvua zikiwa zimeanza, amekonda, akitembea kwa kushika kuta. Walimpiga kwa viganja vya mikono, masikioni, kila siku aliporudia kwamba hakuwa akizungumza na waasi. Sikio la kushoto lilikufa kabisa. La kulia lilibaki na filimbi isiyokoma, na nyuma ya filimbi hiyo, sauti za watu kama za walio ng'ambo ya ukuta. Nilimuuliza kwa nini hakunitaja. Ilinibidi nipaze sauti mara kadhaa. Alipoelewa akanitazama kwa mshangao. "Bantu babili mu kashoti," akasema, yaani watu wawili ndani ya selo, "sauti ingekuwa muzuri zaidi?" Nilimshukuru. Akatikisa kichwa vile mtu anavyotikisa asiposikia, akabadili mazungumzo.

Baadaye kampuni ilipoanza kudhoofika na mishahara ikachelewa, alifungua kibanda cha kutengeneza posti. Alishika spika kwa ncha za vidole kuhisi mtikisiko, na mkewe akamwambia sauti ikoje. Siku moja mwanamume aliyestaafu serikalini akaja na posti kubwa ya taa za kioo, imenyamaza. Fundi aliitambua kabla haijawekwa mezani, akamtambua na aliyeileta: mmoja wa wale waliombeba siku ile. Mteja hakumtambua. Akaitengeneza vizuri, akaifuta vumbi, akamrudishia. Yule mtu akamshukuru kama mwananchi yeyote, "Merci, citoyen," akaenda nayo. Mkewe alilia kwa hasira: "Unarudisha kitu yako kwa mwizi!" Jibu lake alilitoa kwa sauti ya chini mno, yeye ambaye kwa uziwi alizoea kupiga kelele: "Kama ninakatala, atayua ninamutambua."

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Hawakutuachia neno lolote juu ya sikio lililouawa. Tunapozungumzia utawala ule tunahesabu magereza na waliopotea, na ni haki. Lakini mimi namfikiria mtu akitengeneza kwa mikono yake alichonyang'anywa, huku akimwogopa aliyemnyang'anya, katika mji uleule, miaka baada ya kipigo. Hofu hiyo haikuhitaji askari tena. Na namfikiria mkewe, ambaye kwa zaidi ya nusu ya ndoa yao alimsimulia mumewe dunia inavyosikika, mvua, king'ora cha kiwanda, kilio cha wajukuu. Binti yao ananiambia hata juzi, mumewe akiwa kitandani akikata roho, aliendelea kumsimulia.

Wewe unayenisoma, huenda na wewe upo leo kwa sababu mtu fulani, mahali fulani, aliulizwa jina lako akanyamaza. Usingoje msiba wake ndipo uandike. Mwendee, umshukuru angali anasikia.