Gundi Kwenye Breki

Gari namba tatu lilipokataa kusimama pale getini, saa mbili asubuhi, mlinzi aliruka kando kama panzi na pipa la takataka likabiringika hadi ukutani. Ndani ya gari mlikuwa na wagonjwa wanne waliokuja kusafishwa figo. Hakuumia mtu. Lakini Mama Lebo, msimamizi wa magari saba ya kituo hicho cha figo, alishuka ngazi za ofisi mbio, kiatu kimoja kikabaki njiani.

"Mpwa wangu," mjomba wake, mmoja wa wale wanne, alimwambia huku akishushwa polepole, "kama unataka kunirithi, subiri basi. Shati lenyewe ni hili hili moja."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Jina hilo la Mama Lebo alipewa na wauza vipuri. Miaka kumi na mmoja sasa, hakuna kipuri kilichoingia karakana yake bila kufungiwa kikaratasi: kimetoka boksi lipi, kimefika lini, kimekwenda gari gani. Kikichakaa hakitupwi. Kila mwisho wa mwezi alipakia machakavu yote kwenye gunia, na lebo zake, akampelekea muuzaji. Na muuzaji naye aliyatuma kiwandani yale yaliyochakaa upesi, wahandisi wayaone kwa macho yao. Wengi walimwona mwanamke asiye na kazi ya kufanya. Muuzaji hakumwona hivyo. Alikuwa mtu mnene, mgumu wa maneno, na siku moja alisema mbele ya wateja wake: "Huyu dada akiniambia kitu ni kibovu, mimi sipimi tena."

Basi asubuhi hiyo akampigia simu.

"Kaka, pedi za breki ulizoniletea mwezi huu ni mbovu. Ziko kwenye magari matano."

"Una hakika?"

"Gari limekataa kusimama hapa getini kwetu."

"Nimekuelewa. Ngoja nizizuie."

Magari matano yakaegeshwa. Yakabaki mawili, na saa tisa alasiri wagonjwa ishirini na watatu walitakiwa wabebwe, hawa kurudi kwao, hawa kuletwa kwa zamu ya jioni. Mgonjwa wa figo haambiwi njoo kesho. Mama Lebo alilijua hilo tangu mwaka ule mjomba alipokosa zamu moja tu, uso ukamvimba hadi macho yakajifunga.

Saa tano alikuwa karakana. Fundi mkuu, mzee waliyemwita Babu Nati, alikwisha kuzifungua zile pedi na kuzipanga mezani kama sahani. Mama Lebo aliinua moja, akaisogeza puani.

"Babu, mbona inanuka dizeli?"

"Si nilizifuta, mwanangu."

"Ukazifuta nini?"

"Gundi." Mzee alisema kwa fahari ya mtu anayejua kazi yake. "Uzi wako wa kufungia lebo si uliisha? Ukatuletea hizi za kubandika. Sasa mgongoni hazishiki, kuna rangi inateleza. Nikazibandika usoni. Siku ya kufunga nabandua, gundi inabaki, naifuta kwa dizeli mpaka inatoka yote. Umeona lebo hata moja imepotea?"

Mama Lebo alikaa juu ya tairi. Uso ule ndio unaobana chuma hadi gurudumu lisimame, na ukishanywa dizeli haubani, unateleza. Kiwanda hakikuwa na kosa. Muuzaji hakuwa na kosa. Lebo zilikuwa zake, na za kubandika alizinunua yeye.

Mkurugenzi wa kituo alipoelezwa alifunga mlango wa ofisi kwanza.

"Nani mwingine anajua?"

"Sisi, na Babu."

"Basi liishie hapa. Muuzaji atuletee pedi nyingine, tufunge, wagonjwa waende. Ukimwambia leo akasusa, utawabeba mgongoni?"

Neno hilo lilimchoma kwa kuwa lilikuwa kweli. Pedi za magari yale hazikuwa na duka jingine mjini. Alitoka nje na simu mkononi, akakuta ujumbe wa muuzaji umeshaingia: *Nimeondoa maboksi yote. Kiwanda nimewaandikia, nimewawekea picha za lebo zako. Ile shule ya barabara kuu niliyoiuzia pedi hizo hizo nayo nimewaambia wasitoe mabasi. Watoto watarudi kwa miguu.*

Aliusoma mara tatu. Barabara ya kutoka shule ile aliijua. Malori hupita pale kama yamefukuzwa.

Akapiga.

"Kaka, pedi zako ni nzima. Tumeziharibu sisi." Akamweleza uzi, gundi na dizeli, hakuacha kitu.

"Nimewaandikia kiwanda, dada. Kwa jina langu."

"Najua."

"Nimewaambia wasimamishe mashine."

"Najua, kaka. Na bado nazihitaji pedi kabla ya saa tisa."

Simu ikakatika.

Saa sita ikapita. Saa saba. Alipiga, haikupokelewa. Mkurugenzi alichungulia dirishani, akamtazama, akarudi ndani. Mjomba alitoka kusafishwa, pamba imebanwa mkononi, akakaa kwenye benchi la uani karibu naye.

Saa saba na nusu pikapu iliingia. Muuzaji alishuka, hakusalimu. Akayashusha maboksi mwenyewe, moja moja, hadi mbele ya Babu Nati.

"Ukiona dizeli karibu na hizi, mzee wangu, ikimbie."

"Nimesikia, baba," Babu Nati alijibu, macho chini.

Kisha muuzaji akamgeukia Mama Lebo. "Shule utawapigia wewe. Hapa hapa, nikusikie."

Akapiga. Mwalimu mkuu alimfokea hadi sauti ikatoka nje ya simu, naye akaitikia, ndiyo mwalimu, kosa ni langu mwalimu, mabasi yatoke.

"Kiwanda wamenijibu nikiwa njiani," muuzaji alisema simu ilipoisha. "Mashine walishazima. Waliona lebo zako, hawakuuliza swali. Tutawaandikia tena, kwa majina yetu mawili."

Mafundi walifunga bila kunyoosha migongo. Saa tisa kasoro robo, Mama Lebo alipanda gari namba tatu tupu kando ya Babu Nati. Mlinzi alisogea mbali, akashika ukuta. Mzee alikanyaga mafuta, geti likawajia, pipa likawajia, kisha akakanyaga breki.

Gari likasimama pale pale.

Aliposhuka, wagonjwa walikuwa tayari wanapanda. Muuzaji alitoa mfukoni donge la uzi mweupe, akamtia kiganjani.

"Machakavu ya mwezi huu usinitumie," alisema akiingia kwenye pikapu. "Nitayafuata mwenyewe. Nitaanza kwa kuyanusa."