Gunia Lililofungwa kwa Mkanda wa Gari

Mtu yule alinisalimia "Sopa," na hapo hapo nikaanza kumtilia shaka. Wazee wa Kimaasai wanaoniletea viti vyao nirekebishe huniambia "Takwenya," nami nawajibu "Iko," kwa maana mimi ni mwanamke na wao wanajua kumsalimia mwanamke. Huyu alinirushia ile salamu ambayo kila mgeni hujifunza akishuka tu Kitengela. Halafu akasema yeye ni mfugaji wa Mashuuru.

Nina karakana ya vitanda na makochi kando ya barabara ya Namanga. Mume wangu aliniachia alipofariki, na watu walidhani nitaiuza. Sikuiuza. Nilijifunza randa na patasi, nikajifunza pia kumtazama mteja mikono kabla ya uso. Mikono ya mtu huyu ilikuwa laini kuliko yangu.

Alikuwa na gunia la mbolea, limefungwa kwa kipande cha mkanda wa kiti cha gari. Akalifungua kidogo tu, akiwa ameipa barabara mgongo, akatoa kipande cha mti mgumu, chembamba upande mmoja na kipana upande mwingine. Alitaka nimchongee kingine cha namna hiyo, lakini kifupi.

"Ni mkono ya pampu," akaniambia. "Ile ya kupiga ng'ombe dawa. Hii ni mrefu, inanisumbua kubeba."

Nilikinusa. Kajiado nzima inaijua harufu ya dawa ya kupe. Ikishaingia kwenye shati, kwenye kiti cha pikapu au kwenye mti, haitoki, hata ufue mpaka uchoke. Mti ule ulinuka mafuta ya mashine. Nikaona pia kwamba upande mmoja umelainika na kung'aa kwa kuguswa miaka mingi, ilhali mkono haushiki mahali pale. Nikakiegemeza begani ili nione kilivyokuwa kikitumika, na shavu langu likaangukia pale pale palipong'aa.

"Hii ni ya bunduki!" nikasema.

Nikisema nilisema, ninajipendelea. Nilipiga kelele mpaka mama wa chapati ng'ambo ya barabara akaacha kusukuma. Nilimwambia yule bwana achukue mzigo wake na asinikanyagie tena hapa, kwamba mimi ninachonga vitanda vya watu kulala, sichongi vya kuwalaza. Alifunga gunia lake bila haraka, akatabasamu, akaondoka. Tabasamu lile ndilo lililonikosesha raha. Mtu aliyefukuzwa kweli huwa hatabasamu hivyo.

Nyuma ya karakana yangu kuna uwanja wa mdogo wangu, fundi wa kuchomelea vyuma. Nimemlea mimi tangu mama yetu afariki, na mpaka leo nikimtazama namwona na kamasi. Kazi yake ni safi ila ana ugonjwa wa mafundi wote: kila mteja anaambiwa "njoo kesho." Kesho ikifika stima imepotea. Ikirudi, gesi imeisha. Nilikuwa nimemgombeza kwa hilo mpaka nikachoka mwenyewe.

Wakati huo alikuwa amepata msichana wa Nkoroi, wa familia ya Kikikuyu, nasi ni Wakamba. Msichana mwenyewe hana neno. Siku ya kwenda kujitambulisha kwao ilikuwa imekaribia, na mimi ndiye ningesimama mahali pa mama.

Siku chache baada ya kumfukuza mtu yule, niliingia kwa mdogo wangu kuazima tindo. Chini ya meza yake kulikuwa na gunia la mbolea, limefungwa kwa mkanda wa kiti cha gari.

Sikumwita. Nililifungua. Kile kipande cha mti nilichokikataa kilikuwa juu, na chini yake chuma kizito, cheusi, kirefu. Nikainua mtutu kuelekea kwenye mwanga, nikaona ndani mistari imejipinda yote upande mmoja. Kwa nje, mahali pa kukata, palikuwa pamewekwa alama ya chaki.

"Siz, rudisha hiyo," mdogo wangu akasema nyuma yangu.

"Unajua hii ni nini?"

"Najua."

"Na unajua watu hufanya nini na bunduki fupi? Wanaivaa chini ya koti, wanaingia nayo kwa duka ya watu! Utafungwa wewe mpaka meno yaishe!"

Aliketi juu ya mtungi mtupu. Akaniambia mwenye gunia ni baba mdogo wa yule msichana, ndugu wa baba yake, na ndiye msemaji wa familia. Alikuja na gunia, akachora chaki mwenyewe, akaliacha, akasema watazungumza mambo ya ndoa kazi ikiisha.

"Sasa mimi nitamwambia aje mzee kama huyo ati hapana?" akaniuliza. "Mkwe? Hata sijaingia kwao nishaanza kumkatalia na kumuuliza maswali?"

Hapo ndipo nilipoona jinsi mtu yule alivyokuwa mjanja. Kwangu alikuja kama mfugaji na akafukuzwa. Kwa mdogo wangu alikuja kama mkwe, na kijana aliyelelewa vizuri hana mdomo wa kumkatalia mkwe. Nilijilaumu kwa kumlea vizuri hivyo.

"Rudisha," nikamwambia.

"Hii kazi ni yangu, siz. Wachana nayo."

Tangu siku hiyo geti lake likawa linafungwa mchana. Mtu ambaye miaka yote alifanya kazi mbele ya dunia nzima, cheche zikiruka mpaka barabarani, sasa alijifungia kama mpika pombe haramu ya chang'aa. Nilisikia grinda ikilia kule ndani. Nikibisha, anauliza kwanza ni nani. Nikiuliza anakata nini, ananijibu "vyuma tu." Niliogopa. Niliogopa pia kwenda kusema, maana gunia lilikuwa chini ya meza yake, si ya mtu mwingine, na polisi wangeanza na yeye. Mara mbili nilimwona yule bwana akisimama getini, anagonga, anaondoka. Nikadhani wameshaelewana kwa simu.

Asubuhi ya safari nilichungulia chini ya meza. Gunia halikuwepo.

"Liko wapi?"

"Limeenda," akajibu, akijifunga tai kwenye kioo cha pikapu.

Nyuma ya pikapu kulikuwa na kitu kikubwa kimefunikwa turubai. Njia yote hadi Nkoroi sikumsemesha. Nilikuwa na hakika kwamba amekata, na nilikuwa nakwenda kumwombea mke wa kumpelekea chakula jela.

Kwao tulipokelewa vizuri. Turubai liliondolewa, kumbe ni jiko la kuchomea nyama, kubwa, lenye miguu ya maua ya chuma, zawadi ya mama mkwe. Kina mama wakalishangilia. Mimi sikushangilia, maana jiko halikuniambia gunia liko wapi. Tukakalishwa hemani. Harufu ya mukimo ilikuwa inatufikia, lakini kwenye sherehe za aina hii chakula hakiletwi mpaka wazee wasikilizane. Wasiposikilizana mnarudi na njaa yenu.

Msemaji wao akasimama. Alikuwa yule yule wa gunia, sasa amevaa suti. Alinitazama kana kwamba hajawahi kuniona.

Akaanza kumtania bwana harusi, kama ilivyo ada. "Tunasikia huyu kijana ni fundi," akasema. "Lakini fundi gani? Mimi niko na kazi yangu kwake. Nikienda, geti imefungwa. Nikipiga simu, njoo kesho. Stima imepotea. Gesi imeisha. Jameni, msichana wetu atakula kesho?"

Watu wakacheka. Akamgeukia mdogo wangu. "Sema mbele ya watu. Kazi yangu iko wapi?"

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeanza kuelewa lile geti.

Mdogo wangu alisimama, akafunga kifungo cha koti. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya adabu, ile niliyomfundisha.

"Mzee wangu, nisamehe kwa kukuzungusha. Sikuikata. Ile bunduki nimeipeleka vile tu uliniletea, kituo ya polisi Kajiado jana, mimi na mzee wa nyumba kumi. Wameandika jina yako. Wamesema uende uwaeleze, na wamesema hiyo haina kesho."

Yule bwana alisema hajui bunduki yoyote. Halafu akasema simu yake inalia, nayo haikuwa inalia, akatoka. Tukasikia gari likiwashwa.

Nilimtazama baba wa msichana. Alikuwa ametazama getini ambako ndugu yake amepita, uso umemshuka, na nikajua kwamba hata yeye alikuwa na shaka zake za muda mrefu. Nilishika mkoba wangu tayari kuinuka. Mdogo wangu alikuwa bado amesimama, macho yake yako kwa msichana.

Mzee alikohoa.

"Leteni chakula," akasema.

Baadaye, tukiwa na sahani magotini, nilimuuliza mdogo wangu kwa nini hakuniambia.

"Na mdomo yako hiyo, siz? Ulimfukuza mpaka mama chapati akajua. Ningekuambia, ingefika Nkoroi kabla yangu." Alitafuna kidogo. Kisha akaacha kutafuna. "Kwani wewe ulifikiria nimekata?"

Nilimwongezea nyama kwenye sahani yake.

"Niulize kesho," nikamwambia.