Msamaha Uliofunikwa Plastiki

Mimi ni mtu wa kuandika barua. Nina duka la steshenari Nyahanga, mjini Kahama, na kwa miaka mingi watu wamekuja kwangu na maneno yao mabichi wakaondoka na karatasi yenye "Yah:" katikati na mstari chini yake. Nimewaandikia maombi ya kazi watu ambao kazi hawakuipata. Nimeandika barua za posa zilizokataliwa. Niliwahi kumwandikia mama mmoja malalamiko kwa mwenyekiti wa mtaa, na baada ya siku nne mwenyekiti akaja na barua ile ile mkononi, akitaka nimwandikie majibu. Kwa hiyo nisilaumiwe sana kwa kujiona mtu wa maana.

Mchezo wa simu nilianza kuucheza kwa sababu ya umeme. Umeme ukikatika, mashine ya kopi inageuka meza tu, na mtu mzima hawezi kushinda anaitazama meza. Jirani yangu mwenye duka la dawa akanipakulia mchezo wa ngome. Kila timu ina ngome zake, na timu zote zinagombania visima. Mwenye visima vingi ndiye mwenye nguvu. Timu yetu ilikuwa na watu kumi na tisa, karibu wote wa Kahama, na huyu jirani ndiye aliyekuwa kiongozi. Mimi nilikuwa mchezaji mbovu kuliko wote. Nilikuwa napotea ndani ya ngome yetu wenyewe. Siku nilipochoma moto lango letu nikidhani ni la adui, jirani alikuja dukani akaegemea kaunta.

"Kaka," akasema, kwa upole ule anaoutumia kumwambia mgonjwa kwamba dawa yake imeisha, "vita tuachie sisi. Wewe chukua mahusiano."

Mahusiano maana yake ilikuwa kuwasiliana na timu nyingine: kuomba amani, kusuluhisha ugomvi, na kuisemea timu yetu kwenye grupu kubwa ambamo timu zote za kwetu na za Geita zilikutana. Mtu mwingine angeona ameondolewa uwanjani kistaarabu. Mimi niliona nimepandishwa cheo. Nikafungua jalada. Nikajiita Msemaji na Mratibu wa Mahusiano, nikakiandika cheo hicho chini ya kila ujumbe. Mama watoto alipokiona, aliuliza kama mratibu angeweza kwenda kuongea na jirani wa nyuma kuhusu mbuzi wake anayekula mihogo yetu. Nikamjibu kwamba suala hilo lilikuwa ngazi nyingine.

Timu yenye nguvu kuliko zote ilikuwa ya Katoro. Kiongozi wao hakujulikana sura. Watu walimwita Mkuu, basi. Kwa kuwa Katoro ni mji wa pesa za dhahabu, nilijichorea kijana wa miaka ishirini na kitu, miwani ya jua, cheni shingoni, shule kaikimbia. Nikawa namwandikia "mdogo wangu kamanda". Barua zangu zilikuwa na aya tano, zake zilikuwa na neno moja. "Sawa." "Hapana." "Nimesoma." Nikaona hilo ni tatizo la elimu. Mara moja aliandika "tumekubari", na mimi, Mungu anisamehe, nikamshukuru kwa ushirikiano wake kisha nikamkumbusha kwamba usahihi ni "tumekubali".

Akajibu, "Sawa."

Amani kati yetu na Katoro ilidumu tangu watu wanapanda mahindi hadi wanavuna. Nilijipongeza kila siku. Baadaye nilikuja kujua kwamba visima vyetu vilikuwa hafifu na Katoro hawakuwa na haja navyo.

Kisha ukatokea msiba. Mkuu aliniandikia ujumbe mrefu kuliko yote aliyowahi kuniandikia: "Mwenzetu amefiwa na mama yake. Wengi tunakwenda Ushirombo kuzika. Tunaomba msituguse mpaka matanga yaishe."

Nilijibu vizuri. Nikatoa pole, nikaahidi kwamba hatutagusa hata jiwe. Ningeishia hapo, nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini nikakumbuka kwamba huyo mfiwa, kwenye grupu kubwa, alikuwa na kawaida ya kuniita mtani. Na kwetu mtani ana haki zake msibani. Atalala njiani wapitao waombolezaji, atadai hiki na kile, atamwigiza marehemu, mpaka wafiwa wacheke na machozi yakiwatoka. Nikaona hapo ndipo penye kilele cha diplomasia. Nikaongeza: "Hata hivyo sisi watani tunalizuia kaburi. Hapiti mtu mpaka tupewe visima viwili. Msipotoa, tutajichukulia wenyewe."

Nilisoma mara mbili, nikacheka peke yangu, nikatuma kwa Mkuu na kwa mfiwa. Halafu, kwa kuwa barua ya kiofisi huwa na nakala, nikaituma nakala kwenye grupu la timu yetu. Katoro hawakujibu. Nikasema moyoni, hao sasa wanacheka.

Mpiganaji wetu hodari alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mtu ambaye neno analichukua kama lilivyoandikwa. Aliisoma ile nakala. Akasubiri siku mbili. Alipoona visima havijatolewa, aliwakusanya wenzake sita wakavichukua, na kwa kuwa njia ilikuwa nyeupe wakachukua vitano badala ya viwili, wakachoma na ngome moja iliyokuwa haina mtu. Ilikuwa ngome ya mfiwa.

Nikampigia simu nikihema. "Nani amekutuma?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Si uliandika wasipotoa tutajichukulia wenyewe? Hawakutoa."

Nikakata simu, nikaandika taarifa kwa umma. Bado ninayo: "Imebainika kuwa kumetokea hali ya kutoelewana iliyopelekea baadhi ya visima kubadilisha umiliki. Uongozi unasikitishwa na usumbufu wowote uliojitokeza." Pale kwenye "kubadilisha umiliki" nilijipigapiga bega. Niliona nimemaliza kazi.

Kabla ya saa sita mchana, timu ambazo sikuwahi hata kuzisikia zilikuwa zimejiunga na Katoro. Mtu mmoja wa Geita alijirekodi akiisoma taarifa yangu kwa sauti ya mtangazaji wa habari, na ile sauti ikazunguka mpaka ikanifikia kupitia mteja aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa. "Sikiliza hii, mzee, utacheka," akaniambia. Nilicheka, ningefanyaje? Siku ya tatu hatukuwa na kisima hata kimoja.

Jirani mwenye duka la dawa alikuja. Safari hii hakuegemea kaunta.

"Kaka, nenda Katoro."

"Niwaandikie kwanza?"

"Usiandike. Nenda."

Niliandika. Nilishindwa kujizuia. Barua ya kuomba radhi, kurasa mbili, "Yah:" katikati. Na kwa kuwa ni safari ndefu yenye vumbi, na mashine ya lamineshen ilikuwa imeshapata moto, niliifunika plastiki pande zote mbili isichafuke. Nikavaa koti nililofungia ndoa, nikaondoka.

Nilipomwambia Mkuu kwamba niko njiani, aliniandikia nikifika sokoni niulizie fundi wa sare za kwaya. Waendesha bodaboda wawili walibishana kuhusu njia, wa tatu akanipeleka. Nilikuta chumba kimoja chenye cherehani, vitambaa vya zambarau vimening'inia kama mapazia, na mama wa makamo, miaka sitini hivi, futi ya kupimia ikiwa shingoni na mguu mmoja ameunyoosha juu ya kigoda. Wanakwaya wawili walikuwa wanasubiri kupimwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu kiti."

"Asante, sikai. Namtafuta kijana mmoja anaitwa Mkuu. Nimeelekezwa nianzie hapa."

"Una shida gani naye?"

"Ni mambo ya kiofisi kidogo, mama. Ya kwenye mtandao."

Akanitazama kuanzia koti hadi viatu. Akachukua simu iliyokuwa juu ya vitambaa, akaandika taratibu kwa kidole kimoja. Simu yangu ikalia mfukoni. Nikaitoa, nikasoma: "Nimekuona. Kaa."

Nilikaa. Nilihesabu kichwani mara ngapi nilikuwa nimemwita mdogo wangu, nikaacha kuhesabu. Nikainuka tena, nikampa shikamoo ya pili, kwa kuwa sikujua jambo lingine la kufanya.

"Ya kwanza ilitosha," akasema. "Umeniletea nini hicho?"

Nikamkabidhi barua kwa mikono miwili. Akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akaigonga kwa kucha. Ikalia ko ko.

"Msamaha umeufunika plastiki?"

Wanakwaya wakaangaliana. "Isichafuke, mama," nikasema.

"Hebu nisomee. Miwani yangu iko nyumbani."

Miwani ilikuwa kichwani kwake. Nikasoma. Nilisoma kwamba kumetokea jambo ambalo halikutarajiwa, kwamba hatua zitachukuliwa, kwamba ushirikiano uliopo uendelee kuimarishwa. Barua ile, ambayo Nyahanga ilisikika kama kengele, pale mbele ya cherehani ilisikika kama mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa. Sikufika ukurasa wa pili. Aliinua mkono.

"Ng'wanawane, mwanangu, humo ndani hakuna mtu. Jambo limetokea, hatua zitachukuliwa. Nani alifanya?"

"Mimi, mama."

"Kwa nini hukuandika hivyo?"

Nikajitetea kwa utani. Nikasema mfiwa mwenyewe alikuwa ananiita mtani.

"Yule anauza mabuti na tochi kwa wachimbaji," akasema. "Kila mteja kwake ni mtani. Na mtani anayezuia kaburi ndiye huyo huyo aliyeshika jembe akalichimba. Anakuja kwa miguu yake, anachota maji, anakesha na watu. Wewe ulichota nini?"

Sikuwa nimechota kitu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu cha duka, feni inanipulizia.

Alimpigia simu yule mfiwa, naye akaja, jozi ya mabuti ya mpira bado imening'inia begani. Alikuwa mtu wa rika langu, mwembamba, nywele amenyoa kwa ajili ya msiba. Hakunipa mkono mara moja.

"Nilikuwa nimekaa mkekani," akasema. "Simu ikaita, nikajua ni pole nyingine. Kaka yangu mkubwa akaisoma akichungulia juu ya bega langu. Akauliza kwa sauti, hawa ni akina nani wanaozuia kaburi la mama? Katekista akasimamisha sala. Ikabidi nieleze, mbele ya ukoo mzima, kwamba ni watu wa mchezo wa kwenye simu. Mzee mmoja akauliza visima hivyo viko kijiji gani."

Mwanakwaya mmoja alicheka akajiziba mdomo. Mimi nilitamani kuingia chini ya cherehani. Na hapo nikasema sentensi mbili, fupi kuliko zote nilizowahi kutunga kwa kazi ya mahusiano: "Nilikosea. Pole kwa mama."

Alishusha mabuti chini.

"Mama mwenyewe angecheka," akasema hatimaye. "Alishanisikia nikisema kwenye simu tumepata kisima cha tatu. Akawatangazia majirani kwamba mwanawe siku hizi anachimbia watu visima. Wakaanza kuja kuomba na wao wachimbiwe." Akatabasamu, akafuta uso wote kwa kiganja, akanipa mkono. "Nimeshapoa, mtani."

Mkuu alitaja masharti ya kurudishiwa visima vyetu huku akimpima mwanakwaya kifua. Ngome ya mfiwa tuijenge upya sisi wenyewe. Tuombe radhi kwenye grupu kubwa kwa maneno yasiyozidi kumi. Nilihesabu kwa vidole, yalitosha.

"Na sharti la mwisho," akasema. "Usituandikie tena. Ninapenda unavyopangilia, lakini usituandikie. Yule aliyetuvamia, anafanya kazi gani?"

"Fundi wa mageti."

"Awe anaongea nami yeye. Huyo akisema kitu, unajua amesema nini."

Nilisema wabeja, asante ya Kisukuma, nikachukua plastiki yangu, nikarudi Kahama. Njiani nilijiambia kwamba nimeleta amani. Nilijiambia hivyo mpaka Ushirombo, kisha nikachoka.

Fundi wa mageti ameshika mahusiano mpaka leo. Hana jalada. Tukitaka kupita eneo la Katoro, anazima mashine yake, anavua miwani ya kuchomelea, anapiga simu. "Shikamoo mama. Tunaomba kupita." "Piteni." Ameshamaliza. Mimi hapo ningekuwa bado natafuta namba ya kumbukumbu.

Jirani, kwa kunionea huruma, alinipa kazi ya kulinda kisima cha mbali ambacho hakuna anayekitaka. Wiki mbili zilizopita alitokea mgeni, timu yake siijui, akasimama langoni, akaandika: "Hapa kuna mtu?" Nilifurahi. Nikaanza kumkaribisha kwa niaba ya uongozi na wanachama wote. Nilipofika aya ya pili, kisima kilikuwa chake.