Lupu Juu ya Kidole cha Koko

Nyumbani kwetu Bagira, Jumamosi alasiri ilikuwa ya miguu. Sakafu ilikuwa ya udongo, na funza hawakumbagua mtu. Tulinawa kwa zamu, kisha mama akawatoa kwa sindano aliyoipitisha kwenye moto, ili Jumapili twende misa bila kuchechemea. Alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu aolewe, na ilimchosha.

Mwaka ule koko, mama yake baba, alifika kutoka Kalehe, kidole chake cha mguu kimevimba. Alitaka jambo moja tu: arudi kabla ya mvua za Septemba, apande maharage. Mama alikichokonoa kidole kile Jumamosi tatu, na kila mara uvimbe ulizidi.

"Unatafuta zahabu?" koko aliuliza. "Basi enda Mwenga, uache kidole yangu."

"Iko bado moja ndani, maman. Naiona. Vumilia."

Jumamosi ya nne baba, aliyechora ramani ofisini, alileta lupu, kioo cha kukuzia chenye mpini. Mama alikuwa na sindano mkono mmoja, mguu mkono mwingine, kwa hiyo lupu niliishika mimi. Nilipoigusisha kwenye ngozi, haikuongeza kitu. Nikaiinua polepole, kidole kikakua, mistari ya ngozi ikawa kama matuta ya shamba. Nilipopitiliza, yote yakawa ukungu. Mkono ukichoka na kushuka, kidole kilirudi kuwa kidogo.

"Usitingize!" mama alinikemea. Kisha akasogeza uso karibu na kioo.

Funza aliyemo huonekana kama nukta nyeusi ndani ya duara jeupe. Nukta aliyokuwa akiichokonoa mama haikuwa na duara. Ilikuwa damu iliyoganda, na kuizunguka, vishimo vya sindano, vingine vina usaha.

Mama alitazama tena bila lupu, akafumba macho, akayafumbua.

"Maman, funza haiko. Ni mimi nilikuumiza."

"Macho yako imezeeka mbele ya yangu," koko alisema. "Osha na maji ya chumvi, uniache nipone. Maharage haitaningoja."

Mama aliosha, akafunga kitambaa, akaniwekea sindano mkononi, akaenda kulala. Baba alikuwa tayari anavua soksi.

Koko aliondoka mvua zimeshaanza, lakini alipanda. Mimi nilibaki na miguu ya nyumba nzima, kila Jumamosi, hadi nilipoolewa. Na huko nako sakafu ilikuwa ya udongo.