Tulivyofuata Upinde wa Hangi Mpaka Ntoto

Tuliondoka kwa sababu ya nguruwe pori. Shamba letu lilikuwa mwisho wa kilima, juu ya Masisi, pale mashamba ya watu yanapokwisha na pori linapoanza. Mume wangu, Petro Hangi, alipewa shamba lile kwa sharti moja: awe mlinzi. Nguruwe wakitoka porini wakutane naye kwanza, mbele ya kufika kwenye mahindi na mateke, yale magimbi, ya wengine. Baba yake alilinda hivyo, na babu yake vilevile. Bunduki ilikuwa ya wazungu na ya wenye karatasi ya ruhusa. Sisi tulikuwa na upinde.

Mwaka ule, miaka michache mbele ya uhuru kufika, gogo lilimwangukia Hangi kwenye bega la kuume alipokuwa akipasua mbao. Mfupa ulishikana tena, lakini nguvu haikurudi. Upinde wa baba yake ulikaa ukutani. Mahindi yalipoanza kutoa ndevu, Papa Ndoole, jirani wetu wa chini, alikuja kusimama mlangoni. Hakutaka kuketi.

"Hangi, mi nakuheshimu. Lakini kama mahindi inakomaa na wewe hauwezi kuvuta upinde, tutaweka muntu mwingine kule juu. Nguruwe haiheshimu muntu."

Muntu mwingine kule juu, maana yake muntu mwingine ndani ya nyumba yetu.

Shangazi yake Hangi, Mama Thereza, alikuwa akileta mafuta ya ngazi, yale mawese mekundu, kutoka upande wa Walikale. Yeye ndiye alituambia: "Kule Ntoto iko muzee mumoja, Papa Kubuya. Anachonga upinde kufuata mwenyewe, sawa fundi wa nguo anavyopima shati. Mwende."

Asubuhi ya kuondoka nilimwachia mama mkwe mtoto wetu Bahati. Nikapakia maharagi na tumbako ndani ya kitunga, nikashika kamba ya mbuzi wa kumlipa muzee. Hangi alibeba upinde wa baba yake ili muzee auone. Ulikuwa mrefu kumpita yeye mwenyewe. Kwetu upinde ni mrefu, kwa sababu kilimani unaona mbali na unapiga mbali.

Siku ya kwanza tulishuka tu. Baridi ya kwetu ilibaki nyuma kidogokidogo, na mchana nilikuwa nimekwisha kufungua kitambaa cha mabega. Tulilala kwa Mama Agata, mjane aliyekuwa na nyumba kando ya njia, pale ambapo malisho ya ng'ombe yanaishia. Alitazama mbuzi, akatazama maharagi, akanusa tumbako.

"Munaenda wapi na mali yote hii?"

"Kutafuta upinde," Hangi akajibu.

"Upinde! Mi nilifikiri munaenda kuoa. Basi huyu dada anayekufuata anakuja kukusaidia kuchagua muke wa pili?"

"Mama Agata," nikamwambia, "hata wa kwanza bado hajamaliza kumulipia mahari."

Alicheka mpaka akakaa chini. Asubuhi alitupa ndizi za kuchoma za kula njiani, hakutaka kitu.

Kisha tukaingia pori kubwa. Ninyi mliobaki kilimani hamjui njia ile. Hakuna mbali wala karibu, ni majani tu, na kamba za miti zinashuka kila pahali kama nyuzi za mfumaji asiyejua kazi yake. Upinde ule mrefu ulikuwa ukishikwa kila hatua. Akiuinua juu, unashikwa. Akiulaza, unanasa nyuma na kumrudisha kama mbuzi aliyekataa kamba. Mbuzi mwenyewe alikuwa akipita vizuri sana. Nilicheka, na Hangi akasema, "Cheka, cheka, lakini usiache kamba."

Kwenye daraja la kamba sikucheka tena. Mto ulikuwa umejaa, maji mekundu, na daraja lilikuwa likicheza. Katikati upinde ulinasa, Hangi akayumba, akashika kamba ya juu kwa mkono wa kuume. Niliona vidole vyake vikifunguka vyenyewe, kimoja kimoja. Alikuwa hana nguvu ya kuvifunga. Aliwahi kushika kwa mkono wa kushoto, akapita.

Ng'ambo alikaa juu ya jiwe, akaniambia bila kunitazama: "Veronika, hii ya mukono, usiambie muntu."

"Siambii," nikasema.

Tulifika Ntoto jua likianza kulala. Nyumba zilikuwa za majani, migomba ikizifuata mpaka mlangoni. Papa Kubuya alikuwa muntu mfupi, kifua kipana, ndevu kidogo sana. Muke wake, Mama Bitondo, alitupa ndizi za kupikwa na samaki wa mto ndani ya mafuta ya ngazi. Papa Kubuya hakusema neno juu ya upinde usiku ule. Alitaka tu kujua kama ni kweli kwetu maji yanakuwa meupe na magumu asubuhi juu ya majani. Nikamwambia ni kweli, huwa hivyo kwenye vilima vya juu. Akamgeukia muke wake: "Unasikia? Na bado batu banakaa kule."

Asubuhi alimpa Hangi shoka apasue kuni, yeye akakaa na tumbako yetu, akitazama. Alimpa na ndoo akachote maji. Nyuma ya hayo ndipo akaupima mkono wa Hangi kwa kamba ya kekele, ile ya kusukia vikapu, toka kifuani mpaka ncha ya kidole, akatuingiza katika kibanda cha kazi.

Pale ndipo nilipoona jambo ambalo sikuwahi kuona. Upinde uliokatwa katikati. Vipande vyake viwili, mikono ya juu na ya chini, vilikuwa mbalimbali, na kilichovishika pamoja kilikuwa tiyo, kipande cha bomba la chuma alicholetewa na shemeji yake aliyekuwa akifanya kazi kwenye machimbo. Mkono mmoja unaingia huku, wa pili unaingia kule, unafunga kamba, upinde umekuwa mmoja. Na ncha zake alikuwa amezipinda kwa moto zikatazama mbele, kama pembe za ng'ombe anayetaka kukusalimia vibaya.

"Nilichoka na kamba za pori," Papa Kubuya akasema. "Upinde murefu unapiga vizuri, lakini haupite. Mufupi unapita, lakini hauna mbali. Basi nikasema, wacha ipite vipandevipande."

Hangi alinitazama, na mimi nikamtazama, kwa sababu ya yale yote ya njiani.

Muzee alitoa mikono jozi mbili, zote za kuingia katika tiyo ileile. Ya kwanza nene, ya mti mweusi. Ya pili nyembamba, ya mti wa rangi ya asali. Hangi hakungoja. Alichukua ile nene, akaifunga, akasimama mbele ya watu waliokuja kutazama wageni wa kilimani, akavuta. Alivuta mpaka sikioni! Watu wakapiga makofi. Uso wake ulikuwa uking'aa, na jasho lilikuwa likishuka shingoni.

"Njo hii, ndiyo yangu," akasema.

Papa Kubuya alitikisa kichwa. "Hapa kwangu, anayevuta hachagui. Mwanaume anachagua kwa macho ya batu. Anayepika nyama njo anachagua." Akanigeukia. "Mama, we unasema nini?"

Kwetu mwanamke haruki upinde, wala hausemei. Mimi ndiye nilikuwa nikijua kwamba kila asubuhi Hangi anavaa shati kwa kuanza na mkono wa kuume, kwa kuusukuma na wa kushoto. Nilikuwa nikijua kikombe anakiinua kwa mkono gani. Na nilikuwa nimetoa neno langu pale mtoni. Nikisema, namwaibisha mbele ya wageni. Nikinyamaza, tunarudi na upinde wa kutundika, na Papa Ndoole anaweka muntu mwingine kule juu.

Nikasema: "Kwetu nguruwe haikuye peke yake, Papa. Inakuya na bibi yake na batoto yake. Wacha avute tena."

Hangi alivuta tena. Mkono ulifika kidevuni, ukatetemeka. Muzee akamwonyesha kidole: tena. Akavuta mara ya tatu, na kamba haikufika hata kifuani. Aliuweka upinde chini pole pole, akatoka, akaenda upande wa mto. Watu walitawanyika. Mama Bitondo alinishika mkono.

"Atarudi," akasema. "Njaa inarudishaka banaume yote."

Alirudi wakati wa chakula. Hakunisemesha. Aliichukua ile mikono ya rangi ya asali, akaifunga mwenyewe katika tiyo, akasimama mbali, pale uwanja unapoishia, akapiga mgomba. Alivuta kama muntu anayefungua mlango wa nyumba yake. Mshale ulitoboa mgomba, ncha yake ikatokea upande wa pili.

"Eh!" akasema Hangi.

"Zile ncha njo zinafanya kazi," Papa Kubuya akasema. "Ulitaka bega lako lifanye yote?"

Hangi alipiga tena, na tena, na tena, mpaka Mama Bitondo akapiga kelele kwamba mgomba ule ulikuwa na ndizi. Nyuma ya hayo Hangi aliniletea maji ya kunywa, kwa mkono wa kuume, kikombe kikijaa nusu. Nikajua tumepatana.

Siku ya kuondoka, muzee alitufungia na ile mikono minene. "Mbuzi inatosha kulipa zote mbili. Bega haiko jiwe. Siku moja itaamka."

Kurudi kulikuwa kwepesi. Upinde mpya ulilala ndani ya mkeka mgongoni mwangu, kamba za pori hazikuuona. Ule wa baba yake tuliuacha kwa Papa Kubuya, aliyetaka kuwaonyesha watoto wake urefu wa upumbavu wa watu wa kilimani. Kwa Mama Agata tulilala tena. Alitafuta muke wa pili nyuma yetu, hakumwona, akatukaribisha.

Nyumbani Papa Ndoole alifungua mkeka, akatazama vipande.

"Hangi, mumetembea mpaka Ntoto kununua upinde uliokwisha kuvunjika?"

"Ndiyo, Papa. Kule banavunja mbele, kusudi isivunjike nyuma."

Siku moja kulipopambazuka, mahindi yakiwa karibu kukomaa, nguruwe walitoka. Nilikuwa mlangoni na Bahati mgongoni. Dume lilikuwa mbele. Hangi alipiga, likaanguka kati ya mahindi yetu. Akapiga la pili, nalo likaanguka. Wengine wakarudi porini wakipiga kelele. Papa Ndoole alipanda na kisu na kikapu, na safari hii aliketi.

Mikono minene niliitundika juu ya jiko, kwenye moshi, wadudu wasiile. Kila mavuno Hangi aliishusha, akaifunga, akaenda nyuma ya nyumba. Kisha aliirudisha, na mimi nilikuwa nikikoroga bukari, ugali wetu, kama muntu asiyeona.

Wakati wa mavuno mwaka mmoja, tukiwa tumekwisha kuzaa Agata wetu, niliyempa jina la yule mjane, nilisikia: "Veronika! Kuja!" Nilimkuta uwanjani. Alikuwa amevuta ule mweusi mpaka sikioni, na mkono ulikuwa umetulia. Alinitazama hivyo, upinde umejaa, mpaka nikaanza kucheka na kulia pamoja. Kisha akaurudisha pole pole, akaufungua, akanipa mikono ile minene nikaitundike tena kwenye moshi. Akachomeka ile ya rangi ya asali.

"Na hiyo nyeusi?" nikamwuliza.

"Nilitaka tu kujua. Hii njo ya kazi," akasema, akapanda shambani.

Ndiyo maana ninyi mkienda kuchagua upinde, ao kitu chochote cha kubeba maisha yenu, nawaambia muende na yule anayejua mnavyovaa shati asubuhi. Na mkifika kwake Papa Kubuya, ao kwa wajukuu wake kama wangali wanachonga, muwaambie Veronika wa Hangi anawasalimu, na kwamba bega liliamka.