Gari Lililopita Ng'ombe Wakinywa Maji

Naikumbuka Jumamosi moja ya kiangazi kule Kisongo, mwanangu, na kila ninapoikumbuka mwili hunisisimka vilevile. Imenijia tena jana ulipopita hapa Olasiti na gari lako ulilolikata bomba la moshi, mbwa wakabweka mtaa mzima. Usinitazame hivyo, sikukasirika. Kaa, chai ipo, nikusimulie habari za kaka yangu Eliamani.

Miaka ile milango ya biashara ndiyo kwanza ilikuwa imefunguliwa. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni tukaanza kuona maduka yamejaa, na barabara za Arusha zikapitisha magari tuliyokuwa tukiyaona kwenye kalenda tu. Kaka yangu aliuza vipuri mjini, na akili yake yote ilikuwa kwenye magurudumu. Siku moja akaja nyumbani kwetu Lemara na gari la mbio, jekundu, la milango miwili, limelala chini kiasi kwamba mama aliuliza kama matairi yote yamepata pancha. Tulilizunguka tukiligusa kwa ncha za vidole. Sikuwahi kuona kitu kizuri namna ile kilichotengenezwa na mikono ya watu.

Eliamani hakutosheka na uzuri. Alitaka lisikike. Akang'oa sailensa, lile kopo la chini linalomeza kelele za moshi, na boksi la kichujio cha hewa akalitupa nyuma ya banda. Gari likawa linanguruma hata likiwa limesimama. Nilipomwambia atasumbua watu, alicheka akasema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Alilisema neno hilo kila mahali, mpaka likafika lisipotakiwa.

Yeye na wenzake walikuwa wameruhusiwa na wazee wa Kisongo kushindana Jumamosi kwenye tambarare yao, kwenye njia ya vumbi inayopita karibu na birika la mifugo. Kiangazi maji hunywewa kwa zamu. Kila boma lina siku yake, na ukiikosa unangoja mpaka zamu izunguke tena. Siku hiyo ng'ombe wa mjane mmoja wa Kimaasai, Yeyo Naserian, yeyo kwao ndiyo mama, ndio kwanza walikuwa wameinamisha vichwa, Eliamani akapita. Walitawanyika porini kama siafu waliomwagiwa majivu. Walipokusanywa, zamu ilikuwa imeshapita, wakarudi bomani na kiu yao.

Mama aliposikia hakula siku hiyo. Alikata jani la isale uani, maana kwetu Uchagani ukipelekewa jani hilo huwezi kukataa kusamehe, akatutuma mimi na kaka kwa yule mjane.

"Shikamoo, Yeyo," tulisema, na kaka akalitoa jani kwa mikono miwili.

"Marahaba." Aliligeuza jani, akalitazama pande zote. "Hili sisi hatulijui. Lakini aliyelileta amelishika kwa mikono miwili, kwa hiyo nimesamehe." Kisha akamtazama kaka. "Nimeambiwa unasema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Ni kweli, ero, kijana wangu. Chura, ng'ombe wanamjua tangu wakiwa ndama. Wewe wanakujulia wapi?"

Kaka akageuka kuwatazama ng'ombe waliokuwa zizini.

"Mimi nimesamehe," akaendelea, "ila ng'ombe hawajui jani. Hao utazungumza nao mwenyewe."

Na ndivyo wazee walivyoamua. Jumamosi ambayo zamu ya Yeyo ingefika tena, gari la Eliamani lingepita mbele ya birika ng'ombe wakinywa. Ng'ombe hata mmoja akiinua kichwa, tambarare ingefungwa kwa magari yote, siku zote. Magari ya wenzake hayakuwa na shida. Furaha yao nzima ilining'inia kwenye bomba la moshi la kaka yangu, na walimkumbusha kila walipomwona.

Alihamia gereji, mwanangu. Alitafuta kwenye chuma chakavu sailensa ya lori, akaikata, akaichomelea nyuma ya ile ya zamani aliyoirudisha, akazijaza nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Za jikoni kwa mama alizimaliza zote, tukawa tunasugua kwa mchanga. Akarefusha bomba, akaupinda mdomo wake utazame porini badala ya birikani. Boksi la hewa akalitoa nyuma ya banda, ndani kuku ametaga, akalirudisha mahali pake. Wenzake wakamwambia amelibana gari pumzi, sasa litatambaa. Hilo lilimuuma kuliko yote.

Siku ikafika. Mlima Meru ulikuwa wazi mpaka kileleni, na watu wamesimama kimya kama wako ibadani. Mzee mmoja akauliza nani atashika kitambaa chekundu cha kuonyesha kwamba ng'ombe ameinua kichwa. Yeyo akaninyooshea mkono.

"Huyu. Dada yake."

Nikasimama naye birikani, kitambaa mkononi. Gari likaja, na kweli mngurumo wake ulikuwa umeshuka sana. Lakini lilipotukaribia kaka alibadilisha gia kwa pupa, likatoa mlio mmoja mkavu. Ng'ombe mmoja mweusi, wa mwisho kabisa, akainua kichwa, maji yakimdondoka mdomoni, kisha akainama tena akaendelea kunywa.

Watu wote walikuwa wanalitazama gari. Hakuna aliyeona. Nikageuka kwa Yeyo, nikakuta haangalii ng'ombe, ananiangalia mimi.

Mkono ulikuwa mzito, sikufichi. Nilimpenda kaka yangu. Nikainua kitambaa.

Eliamani alishuka amefura. "Aikande, umeniuza," aliniambia. Nililia mbele za watu. Vijana walianza kukusanya vitu vyao, na mzee aliyesimamia akafungua kinywa kuifunga tambarare. Yeyo akamtangulia.

"Ngoja. Msichana aliyekataa kumdanganyia kaka yake, ng'ombe wangu wanamwamini. Wengine bado hawajanywa. Kaka yake apite tena."

Kaka alinitazama muda mrefu, hasira zikimtoka kidogo kidogo. Akarudi garini. Sasa chuma kilikuwa kimefanya kazi yake yote, kilichobaki kilikuwa mguu wake. Alitoka mbali, akaingiza gia kubwa mapema, mguu mwepesi, akaliacha gari liende kwa nguvu liliyokuwa nayo.

Mwanangu, sijui nikuelezeje. Gari lile lilipita mbele yangu kwa kasi ambayo macho hayakuweza kuishika, na nikasikia ng'ombe wakimeza maji. Nilisikia koo zao, guk, guk, na vumbi likitua juu ya nyasi. Hakuna kichwa kilichoinuka. Nywele zilinisimama. Mzee mmoja alivua kofia na hakujua ameivua.

Waliokuwa na saa mwisho wa njia walikuja mbio kusema mwendo haukupungua, lakini kaka hakuwasikiliza. Alishuka akakaa chini kando ya birika, machozi yanamtoka. "Sikujua," alikuwa anasema. "Sikujua ni zuri hivi."

Yeyo alimletea maziwa kwenye kibuyu. Akang'oa nyasi mbichi penye unyevu wa birika, maana kwao nyasi ni amani, akazichomeka mbele ya gari.

"Siku zote nilikuwa nalisikia tu gari lako," alimwambia. "Leo nimeliona."

Hayo ndiyo niliyotaka kukupa, mwanangu, nami sina la kuongeza kubwa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini debe tupu nalo haliachi kuvuma, basi mtu huchagua. Uzuri wako usiufunike kwa kelele zako, watu wakaziba masikio wasikuone. Ukipita kwa watu, kumbuka kuna anayekunywa maji ya zamu yake. Na akikukosoa mtu anayekupenda, mtazame vizuri kabla hujasema amekuuza.

Haya, maliza chai. Mungu akupe nguvu, na pamoja na nguvu akupe mguu mwepesi. Popote utakapopita, wenye kiu wanywe washibe, wainue vichwa kwa hiari yao wakuone ukienda. Sailensa ya kaka ninayo stoo. Ichukue.